Ukiacha kromia na bati ukahamia umeme na mwanga, umekuwa wa kijani kweli?

"Habari mtaalamu. Nasoma masters ya kemia ogania na kwenye njia yangu ya sintesisi kuna hatua mbili zinanikera. Ya kwanza nageuza alkoholi ya benzili kuwa aldehidi kwa PCC (chumvi ya kromia inayooksidisha), ya pili natoa bromini iliyo jirani na kabonili kwa kutumia haidraidi ya tributili-bati ili radikali (molekuli yenye elektroni isiyo na mwenza) ijifunge iwe pete. Nimesoma sana kuhusu umeme na mwanga nikataka kubadilisha zote mbili, ila mwenzangu wa maabara anasema hiyo ni fasheni ya miaka hii tu, kwamba iridiamu ni ghali na adimu, na umeme wenyewe sehemu nyingi unatoka kwenye makaa ya mawe kwa hiyo nahamisha moshi tu. Hatua ya mwanga nilishaijaribu kwenye kichupa kidogo na taa ya bluu, usiku mmoja ikaisha vizuri. Nikaikuza mara 20 kwenye chupa ya duara, ikagoma, siku mbili nzima haijafika hata nusu. Nimekosea wapi? Na upande wa umeme naweza kuanza na chaja ya simu ya zamani na penseli mbili za grafiti? Msimamizi wangu anasema nimletee kwanza sababu ya maana."

Asante sana kwa swali, na asante zaidi kwa kuliandika kwa undani, maana wengi wananiuliza tu "je mwanga ni wa kijani" na hapo sina cha kushika. Wewe una mambo matatu yamechanganyika: kwa nini mmenyuko uligoma ulipoukuza, kama hii kitu kweli ni safi kwa mazingira au tunajidanganya, na uanzie wapi bila kujiumiza. Nitayachukua hivyo hivyo yalivyochanganyika.

Nianze na hiyo chupa iliyogoma, kwa sababu naona ndo inayokuvunja moyo. Mkono wako hauna kosa. Mmenyuko wa joto ukiukuza mara 20 joto linasambaa kwenye myeyusho wote, linachelewa kidogo lakini linafika. Mwanga haufanyi hivyo, mwanga unamezwa njiani. Hukutaja kichocheo ulichotumia ila kwa hiyo kazi nadhani ni ile ruteniamu yenye bipiridini tatu, na hiyo inameza mwanga wa bluu wa nanomita kama 452 kwa nguvu kubwa sana, kipimo chake cha umezaji ni karibu 14,600 kwa mola kwa sentimita. Sasa tupige hesabu pamoja. Malighafi yako tuseme iko mola 0.1 kwa lita na kichocheo asilimia 1, kwa hiyo kichocheo kiko milimola 1 kwa lita, na kila sentimita ya myeyusho inakuwa na umezaji wa 14.6, na umezaji wa 1 tu unatosha kumeza asilimia 90, manake asilimia 90 ya mwanga wote unaoingia umeshaisha ndani ya milimita 0.7 za kwanza kutoka kwenye kioo. Milimita 0.7! Katikati ya chupa yako ya duara ni giza, siku mbili zote hizo ulikuwa unapika ganda la nje tu na kutegemea sumaku ya kukorogea ilete molekuli nyingine pembeni. Kwenye kichupa kidogo ganda hilo lilikuwa sehemu kubwa ya ujazo wote, kwenye chupa kubwa likawa sehemu ndogo, basi.

Na hapo kuna kitu kingine ambacho watu hawakioni. Fotoni za nanomita 450 zina nishati ya kilojuli kama 266 kwa mola moja ya fotoni. Tuseme taa yako inatoa wati 15 za mwanga halisi, hiyo ni fotoni za kutosha milimola moja kila sekunde 18. Sekunde, sio masaa. Sasa wewe ulimulika usiku kucha kwa, tuseme, milimola moja ya malighafi, kwa hiyo fotoni nyingi mno hazikufanya kazi yoyote, zilikwenda ukutani, zikapiga kioo zikarudi, au zilimezwa na kichocheo halafu kichocheo kikapoa bila kukutana na mtu. Ndo maana mtu akiniambia mmenyuko wake wa mwanga "unahitaji taa kali zaidi" kwanza nauliza chombo chake kina umbo gani.

Cha kufanya sasa. Cha haraka kabisa, gawanya kazi yako kwenye vichupa vingi vyembamba badala ya chupa moja nene, vipange kwa umbali ule ule kutoka kwenye taa, koroga kwa nguvu. Cha pili, na hiki kinawashangaza watu, punguza kichocheo. Ukishuka kutoka asilimia 1 hadi 0.1 ile milimita 0.7 inakuwa milimita 7, mwanga unaingia ndani zaidi na mara nyingi kasi kwa ujumla haianguki sana, na kichocheo chako cha ghali umeokoa tisa ya kumi. Cha tatu ndo njia ambayo viwanda wanaipenda, kupitisha myeyusho kwenye mrija mwembamba wa plastiki inayopitisha mwanga, kipenyo cha ndani kama milimita 1, umezungushwa kuizunguka taa, na pampu ndogo ya sindano inasukuma polepole. Hapo ukitaka nyingi hukuzi chombo, unaiacha pampu iendelee kufanya kazi, au unaongeza urefu wa mrija. Halafu usisahau oksijeni, chupa kubwa ni ngumu zaidi kuitoa hewa kuliko kichupa, na oksijeni inanyang'anya nishati ya kichocheo kilichoamshwa na inazikamata radikali zako pia, kwa hiyo kama ulipuliza naitrojeni dakika zile zile ulizopuliza kwenye kichupa, hapo nako kuna sehemu ya jibu.

Haya, sasa turudi nyuma tuone hasa mwanga na umeme vinafanya nini, kwa sababu bila hapo huwezi kumjibu mwenzako.

PCC kazi yake yote, ukiondoa mbwembwe, ni kuichukulia alkoholi yako elektroni mbili na protoni mbili. Kromia inapokea zile elektroni, inashuka kutoka hali ya oksidisho ya 6, na umebaki na tope la kahawia ambalo ni sumu na lile lililobaki bila kutumika ni la kusababisha saratani. Yaani umebeba metali nzito nzima kwa ajili ya kuhamisha elektroni mbili tu. Anodi, yaani elektrodi chanya, inafanya kazi hiyo hiyo, inachukua elektroni, inazipeleka kwenye waya, na kathodi upande wa pili inazitoa kwa kitu kingine, mara nyingi protoni, ambazo zinakuwa gesi ya haidrojeni. Taka ya hatua hiyo, kwenye makaratasi, ni haidrojeni peke yake.

Mwanga ni njia tofauti ya jambo hilo hilo. Kichocheo kikiwa kimetulia hakipendi kutoa wala kupokea elektroni kirahisi. Kikimeza fotoni ya bluu kinaamka, na kikiwa macho kinakuwa na tabia mbili kwa wakati mmoja, kinatoa elektroni kwa urahisi kuliko mwanzo na kinapokea pia kwa urahisi kuliko mwanzo. Hiyo ruteniamu inabaki macho kwa kama mikrosekunde 1, muda mfupi kwetu lakini kwa molekuli zinazogongana ni mrefu wa kutosha. Kwenye mmenyuko wako kinachotokea ni kwamba amini uliyoweka inaipa ruteniamu iliyo macho elektroni moja, ruteniamu inashuka hali ya oksidisho ya 1 ambayo ina nguvu ya kupunguza ya volti hasi 1.33 ukipima dhidi ya elektrodi ya kalomeli, ambayo ni ya kulinganishia tu, inaipa malighafi yako yenye bromini ile elektroni, bromini inaondoka, radikali inabaki kwenye kaboni iliyo jirani na kabonili, inajifunga pete, inachukua haidrojeni kutoka kwa kilichopo, mchezo umeisha. Hakuna bati popote. Na mtu aliyewahi kusafisha mabaki ya bati kwenye kolamu ya silika mara tatu na bado akayaona kwenye NMR, kipimo cha kutambua molekuli, anajua hilo ni jambo la kushangilia, achilia mbali kwamba yale mabaki ni sumu na bidhaa yako ikiwa inaelekea kuwa dawa hayatakiwi kabisa.

Sasa iridiamu. Mwenzako yuko sahihi kuhusu iridiamu, ni adimu kuliko dhahabu kwenye ganda la dunia na ni ghali. Ila kwa mmenyuko wako hauihitaji! Iridiamu yenye fenilipiridini tatu ikiwa macho ina nguvu ya volti hasi 1.73, hiyo ni ya kubomoa bondi ngumu kama iodidi za alkili za kawaida. Bromini iliyo jirani na kabonili ni laini, inapokea elektroni mapema. Ruteniamu inatosha, na mimi ningekushauri ujaribu pia vichocheo ambavyo havina metali kabisa, kama eosini Y ambayo ni rangi ya kawaida tu na inafanya kazi na taa ya kijani, au 4CzIPN, kichocheo kingine cha kioganiki, ambayo inatengenezwa kwa hatua moja kutoka kwenye malighafi za bei nafuu. Halafu fanya jaribio moja ambalo wengi wanaliruka: weka kila kitu isipokuwa kichocheo, mulika. Kuna nyakati amini na bromidi zinashikamana zenyewe kwa kulegea na huo mshikamano unameza mwanga wa bluu bila msaada wa mtu. Ukikuta mmenyuko unakwenda hivyo, hoja ya iridiamu imekufa na ya ruteniamu nayo imekufa.

Ukiwa kwenye majaribio hayo, fanya na la giza, lakini giza lenye joto lile lile. Taa ya LED ikiwa karibu na kichupa bila feni inaweza kukifikisha nyuzi 40 au 50 kirahisi, mtu anasema "mwanga umefanya" kumbe joto limefanya. Na kuna lile jaribio la kuwasha na kuzima taa, unaona mstari unapanda taa ikiwaka na unalala ikizimwa, halafu mtu anaandika kwamba hiyo inathibitisha hakuna mnyororo wa radikali, yaani radikali moja kuzaa nyingine bila fotoni mpya. Haithibitishi. Minyororo mingi inakufa ndani ya sekunde au chini ya hapo taa ikizimika, wewe unapima kila baada ya nusu saa, utaionaje? Ukitaka kujua kuna mnyororo au hakuna pima ni molekuli ngapi za bidhaa zinatoka kwa kila fotoni iliyomezwa, zikizidi moja una mnyororo. Nakuambia hili mapema kwa sababu mtahini atakuuliza.

Kuhusu fasheni. Mwaka 1912 Giacomo Ciamician, mkemia wa Bologna aliyekuwa anaweka chupa zake juani pamoja na mwenzake Silber, alisimama New York akaelezea viwanda vya baadaye visivyo na moshi vinavyoendeshwa na mwanga wa jua. Kolbe alikuwa anaunganisha radikali kutoka kwenye asidi za kaboksili kwa umeme tangu miaka ya 1840. Monsanto katikati ya miaka ya 1960 walianza kutengeneza adiponitrili, malighafi ya nailoni, kwa kuunganisha akrilonitrili mbili kwenye kathodi, na hiyo imekuwa kazi ya tani kwa tani. Toray wa Japani toka miaka ya 1960 walitumia mwanga kwenye njia ya kutengeneza kaprolaktamu. Sanofi mwaka 2013 walianza kutoa atemisinini, dawa mama ya malaria, kwa njia ambayo hatua ya mwisho ni mwanga na oksijeni. Kilichobadilika karibuni ni kwamba mwaka 2008 kundi la MacMillan na kundi la Yoon, kila moja kivyake, walionyesha kwamba mwanga wa kawaida unaoonekana na ruteniamu kidogo vinaweza kuendesha mimenyuko migumu ya kaboni, na wakati huo huo LED zikawa rahisi kupatikana. Wimbi la machapisho ni jipya, ndiyo, na kwenye wimbi kuna kazi nyingine nyepesi, hilo sikatai.

Ya makaa ya mawe ndo hoja nzito kidogo, nayo inajibika kwa hesabu. Faradei moja ni kulombu 96,485 kwa mola ya elektroni. Mola nzima ya alkoholi yako inahitaji mola mbili za elektroni, kulombu 193,000. Ukielektrolaizi kwa volti 3 hiyo ni kilojuli 579, yaani uniti 0.16 tu za umeme. Hata kama nusu ya elektroni zinapotea njiani ni 0.32. Kwa kazi hiyo hiyo PCC, ukitumia moja na nusu kwa moja kama watu wanavyotumia, ni gramu 323 za chumvi ya kromia, ambayo nayo imetengenezwa kwa nishati, imesafirishwa, na ikiisha kazi inatakiwa itunzwe kama taka hatari. Umeme wenyewe hata utoke wapi, kwa kiasi hicho, hauwezi kuwa ndo mzigo mkubwa kwenye mizania. Mwambie mwenzako apige hesabu upande wake.

Lakini kwa haki hiyo hiyo lazima nikuonyeshe upande wa mwanga hesabu inavyokataa. Taa ya wati 40 kwa masaa 16 ni uniti 0.64 za umeme, na wewe ulizitumia kwa milimola moja. Sehemu moja ya elfu ya mola! Ukizidisha kijinga ni uniti 640 kwa mola. Ndo maana nilikazana na umbo la chombo pale juu, suala la mwanga kuingia kwenye myeyusho ni suala la mavuno na ni suala la mazingira pia, kitu kimoja hicho hicho. Mmenyuko wa mwanga uliopangwa vibaya unakula umeme mwingi kuliko kuchemsha.

Na kuna pahala pengine pa kijani bandia, huku kwenye umeme, ambapo watu wanapapita haraka sana. Solventi za kioganiki hazipitishi umeme, kwa hiyo tunaweka chumvi, mara nyingi tetrafluoroborati ya tetrabutilamonia mola 0.1 kwa lita. Kwa mililita 10 hiyo ni milimola 1, gramu 0.33. Bidhaa yako ya milimola 1 ina uzito gani, gramu 0.2? Umeacha kromia ukaleta chumvi nzito kuliko bidhaa yenyewe, halafu unatumia kolamu na lita za solventi kuitenganisha. Mkemia Sheldon tangu 1992 alitupa kipimo rahisi, uzito wa taka gawanya kwa uzito wa bidhaa, na alionyesha viwanda vya dawa viko kati ya 25 hadi 100 na kuzidi wakati mafuta ya petroli yako chini ya 0.1. Sehemu kubwa ya hizo taka kwenye dawa ni solventi. Kwa hiyo ukinionyesha anodi safi na kolamu ya lita mbili, mimi naangalia kolamu. Hali ni hiyo hiyo kwa mwanga, ile amini unayoweka mara mbili au tatu ya malighafi ili itoe elektroni inaishia takani, na esta ya Hantzsch, ambayo nayo hutoa elektroni na haidrojeni, ikitumika inakuachia piridini ya kutenganisha. Ni bora kuliko bati, bora sana, lakini usiandike kwenye tasnifu kwamba hakuna taka.

Kwa hatua yako ya aldehidi kwa bahati nzuri kuna njia inayokwepa karibu yote haya. Usiiache alkoholi ikutane na anodi moja kwa moja, maana inahitaji volti kubwa na kwenye volti kubwa kama molekuli yako ina amini au pete yenye elektroni nyingi vitaliwa kwanza. Tumia TEMPO, radikali tulivu ya kioganiki, kama mpatanishi kati ya anodi na alkoholi. TEMPO inapoteza elektroni kwenye anodi kwa volti ndogo, inakuwa oksoamonia, hiyo ndo inakwenda kuigeuza alkoholi kuwa aldehidi halafu inarudi anodini kuandaliwa upya, kwa hiyo unaweka asilimia chache tu. Solventi inaweza kuwa asetonitrili na maji yenye baikaboneti, na hapo baikaboneti inafanya kazi mbili, inapitisha umeme na inapokea protoni, ukimaliza unaiosha kwa maji. Ile chumvi ya gramu 0.33 haipo tena. Angalizo ni moja, kwenye maji aldehidi nyingine zinaendelea hadi asidi, kwa hiyo usipitishe umeme ukaenda kulala. Milimola 1 kwa elektroni mbili ni kulombu 193, kwa mkondo wa miliampea 10 hiyo ni sekunde 19,300, masaa 5 na dakika kama 22. Anza kupima kwa TLC, kromatografia ya bamba jembamba, ukifika masaa manne, simamisha alkoholi ikiisha. Na ukiona umepitisha mara mbili ya hapo na alkoholi bado ipo, umeme unaenda mahali pengine, kuongeza muda hakutasaidia.

Sasa chaja ya simu. Hapana, na naomba unielewe nisemapo hapana. Chaja inatoa volti 5 zisizobadilika na haijali mkondo. Mmenyuko ukiendelea ukinzani wa myeyusho unabadilika, mkondo unapanda au kushuka unavyotaka, hujui umepitisha kulombu ngapi, na volti 5 zote ziko hapo kuchoma chochote kinachochomeka, faida yote ya umeme ambayo ni kuchagua nguvu umeshaitupa. Hilo ni la kemia. La usalama ni kwamba chaja iliyochoka insulesheni yake ya ndani inaweza kufeli na umeme wa ukutani ukafika kwenye chombo chenye solventi inayowaka, huku kathodi inatoa haidrojeni. Tafuta pawa saplai ya mezani yenye uwezo wa kushika mkondo, zipo za kawaida kabisa kwenye maabara za fizikia na elektroniki za chuo, azima. Vifaa maalum kama ElectraSyn vinarahisisha maisha na vinasaidia mwingine arudie kazi yako kama ilivyo, ila sio sharti la kuanza. Penseli nazo acha, mle ndani grafiti imechanganywa na udongo na nta, utakuwa unapima vitu usivyovijua. Vipande vya grafiti safi vinapatikana, visugue kwa msasa laini kabla ya kila mzunguko, weka anodi na kathodi karibu, milimita chache, bila kugusana. Ukiwa kwenye mkondo ulioshikiliwa angalia volti kila mara na uandike. Ikipanda polepole halafu ghafla inaruka, mara nyingi anodi imejipaka utando wa polima, toa, sugua, rudisha.

Kama unataka kufanya chaguo leo, mimi ningeanza na umeme kwa aldehidi, kwa sababu faida yake iko wazi kabisa, kromia nje, na hesabu inakubali. Mwanga kwa pete ningeufanya wa pili, nikiwa na vichupa vyembamba na kichocheo asilimia 0.1, kisha mrija ukifanikiwa. Na kama molekuli yako ina kundi la naitro au alkini karibu na hiyo bromini, au ikiwa pete unayoifunga ni kubwa kuliko 6, usishangae matokeo yakitofautiana na uliyosoma, radikali ina mambo yake.

Kuna sehemu ambazo maandishi yangu hayatoshi na unahitaji mtu asimame pembeni yako. Kabla hujakuza elektrolisisi yoyote kupita mililita chache, muite afisa usalama wa maabara aone gesi inatokea wapi, chombo hakiruhusiwi kufungwa kabisa, na kiwe ndani ya kabati la hewa. Ukikuta utaratibu unaotumia pakloreti kama chumvi usiikaushe kamwe, mabaki yake makavu na kitu cha kioganiki yanaweza kulipuka, na kusema kweli kwa kazi yako huna sababu ya kuitumia. Ukitaka kutumia oksijeni na mwanga kwenye solventi inayowaka, usiguse bila mtu aliyewahi kufanya, na kumbuka peroksaidi zinazoweza kujengeka na kulipuka. Taa kali za bluu zinaumiza macho hata kama hazikuumi wakati huo, vaa miwani ya rangi ya chungwa na funika mashine kwa kitu kisichopitisha mwanga ili na wengine wapone. Na nenda kaongee na mtu wa elektrokemia wa idara yako akufundishe kupima voltametria ya mzunguko, kipimo kinachoonyesha kitu kinapoteza elektroni kwa volti ngapi, ya alkoholi yako na ya TEMPO, mchana mmoja tu wa kukaa naye utakuokolea miezi.

Kwa msimamizi wako usipeleke maneno, peleka karatasi moja. Upande mmoja andika hatua ya PCC kama mnavyoifanya sasa, kila gramu inayoingia pamoja na solventi ya kolamu na silika, upande wa pili andika ya TEMPO na baikaboneti na uniti za umeme pia, halafu gawanya taka kwa bidhaa pande zote mbili. Chini weka ile hesabu ya milimita 0.7 ili aelewe kwa nini chupa ya duara iligoma na kwa nini unaomba mrija na pampu. Ukishafanya vile vichupa vyembamba niandikie tena uniambie kichocheo gani, umbali wa taa, na joto ndani ya kichupa lilifika ngapi, hapo nitaweza kukusaidia kwa karibu zaidi.